Rimoti au Ubora wa Sauti? Namna ya Kuchunguza, Kupima na Kufunga Volyumu ya Priamplifaya

Kwa wapenzi wa hi-fi, yaani mitambo ya muziki yenye sauti safi, kuna imani iliyoota mizizi: priamplifaya (kifaa kinachorekebisha sauti kabla haijafika kwenye amplifaya ya nguvu inayoendesha spika) ikiwa na rimoti, basi kuna mahali sauti imepunjwa. Imani hiyo haikuzuka hewani. Chipu za zamani za kurekebisha sauti kwa umeme, mfano TDA1524, zilitosha kwa redio ya mezani, lakini kwenye mtambo wa maana kelele na upotoshaji wake vilisikika. Aliyekuwa na kinanda kizuri cha santuri alikuwa na haki ya kuzikataa. Tatizo ni kwamba vifaa vilibadilika, hukumu ikabaki pale pale.

Rimoti yenyewe haigusi muziki. Ni taa ndogo ya infraredi inayomweka mara 36,000 au 38,000 kwa sekunde, na kwenye kifaa kuna jicho dogo linalosoma mimweko hiyo. Muziki unapita kwingine kabisa, kwenye sehemu inayopunguza sauti. Hiyo ndiyo ya kuchunguza. Tena kuna faida moja ambayo wanaoikataa rimoti huisahau: mtu anayerekebisha sauti akiwa amekaa pale pale anaposikilizia huipatia kila rekodi kiwango chake. Sikio la binadamu husikia besi hafifu sana sauti ikiwa ndogo. Shusha kidogo kupita kiasi, wimbo unakonda. Pandisha kidogo kupita kiasi, twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, inaanza kuchoma masikio. Ukitoka kwenye taarabu iliyonakiliwa kutoka kaseti ukaingia bongo fleva ya juzi, tofauti ya desibeli 10 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) si ajabu. Asiye na rimoti huona uvivu kunyanyuka, akasikiliza nusu ya nyimbo zake kwa kiwango kisichofaa. Kwangu mimi huo nao ni upungufu wa ubora wa sauti, hata kama hauandikwi kwenye karatasi ya vipimo.

Kwa kazi hii utahitaji multimita yenye kupima volti za AC, faili la toni ya Hz 100 (yapo mengi ya bure mtandaoni), na mtu mmoja wa kukusaidia. Wakati wa kupima anza na sauti ya chini kabisa, kwa sababu toni inayoendelea huchosha spika kuliko muziki.

Hatua ya 1: Jua kilichomo ndani

Kabla ya kufungua boksi, bonyeza rimoti utazame na usikilize.

Nobu ikizunguka yenyewe, ndani kuna potenshiomita (rezista ya kuzungusha, yaani kizuizi cha umeme kinachobadilika) yenye mota. Maarufu ni ALPS RK27, ile yenye mwili wa buluu, ambayo imefungwa kwenye vifaa vya bei ya kawaida na vya bei kali. Hapa hakuna la kubishania: mota inashika mhimili kupitia klachi, inapata umeme pale tu unapobonyeza kitufe, na ukiachia inakufa kabisa. Rezista ambayo muziki unapita ni ile ile ambayo ungekuwa nayo bila rimoti. Kasoro zake ni kasoro za potenshiomita yoyote. Upande wa kushoto na wa kulia havilingani vizuri pale chini kabisa, vumbi na unyevu vinaleta mikwaruzo (wakazi wa pwani mnaijua habari hii), na mguso mmoja wa rimoti unaweza kuruka desibeli mbili wakati wewe ulitaka nusu.

Ukisikia tiki-tiki kutoka ndani, hizo ni rilei, yaani swichi zinazogeuzwa kwa umeme. Kila rilei inaingiza au kutoa rezista kadhaa. Rilei 6 zinakupa hatua 64, rilei 8 hatua 256. Priamplifaya ya Schiit Saga ina hatua 64, Freya 128, na Benchmark LA4 inashuka kwa nusu desibeli kila hatua. Zote zinaendeshwa kwa rimoti. Katika mpango huu muziki unakutana na rezista nzuri na mguso wa chuma, basi. Kushoto na kulia vinalingana tangu sauti ndogo hadi kubwa, jambo ambalo potenshiomita ya kuzungusha kwa mkono inalishindwa. Kwa hiyo anayekuambia kwamba volyumu isiyo na rimoti ndiyo safi siku zote, muulize kuhusu rilei.

Lakini sikiliza jambo moja kabla ya kununua za bei rahisi. Pandisha sauti polepole, hatua kwa hatua, muziki ukiwa unacheza. Kwenye kipunguza cha rilei 6, kutoka hatua ya 31 kwenda ya 32 rilei tano zinaachia na ya sita inashika, zote kwa wakati mmoja. Kwa kuwa hakuna rilei mbili zinazogeuka sawasawa kabisa, kwa sehemu ndogo ya sekunde kipunguza kinakuwa kwenye hatua isiyokusudiwa, na spika inatoa pop. Waliobuni vizuri wameituliza, waliokopi kopi wameiacha.

Nobu ikiwa inazunguka bila mwisho, ndani kuko kimya na namba tu inabadilika kwenye kioo, hapo kuna chipu au hesabu za dijitali. Chipu za leo si zile za redio ya mezani. PGA2310 inaanzia desibeli +31.5 hadi −95.5 kwa hatua za nusu desibeli, na upotoshaji wake kwenye karatasi ya vipimo ni asilimia 0.0004 kwa toni ya Hz 1,000. CS3310 ina masafa hayo hayo ya hatua, na MUSES 72320 ya Japani ilibuniwa mahsusi kwa hi-fi. PGA2310 hata inaweza kusubiri wimbi lifike sifuri ndipo ibadilishe kiwango, ili usisikie mkwaruzo. Mtu akiniambia anausikia upotoshaji wa asilimia 0.0004, nitamkaribisha chai kwanza, tuzungumze mengine.

Pa kuangalia kwenye chipu ni umeme wake. PGA2311, ndugu yake PGA2310, inakula volti 5 chanya na 5 hasi. CD ya kawaida inayotoa volti 2 inapita bila shida. Ukiiunganisha na DAC (kifaa kinachogeuza muziki wa dijitali kuwa umeme wa sauti) inayotoa volti 4, vilele vya wimbi vinafika zaidi ya volti 5.6, chipu inavikata, na utalaumu rimoti bure. PGA2310 inakula volti 15 kila upande, haina shida hiyo.

Volyumu ya dijitali, iwe kwenye DAC au kwenye programu ya simu, ina hesabu rahisi: kila desibeli 6 unazoshusha zinakula biti moja (tarakimu ya dijitali). Wimbo wa biti 16 ukichezwa ndani ya mfumo wa biti 24 una nafasi ya desibeli 48 kabla biti zake zenyewe hazijaguswa. Shida haiko kwenye biti bali kwenye kelele ya DAC. Ukishusha muziki kwa dijitali, kelele ya DAC inabaki pale pale. Ukishusha kwa rilei au potenshiomita iliyo baada ya DAC, muziki na kelele vinashuka pamoja. Mwenye spika zenye usikivu mkubwa, za desibeli 95 na zaidi, ataisikia tofauti hiyo usiku nyumba ikitulia.

Hatua ya 2: Rekebisha ukuzaji kabla ya kulaumu chochote

Hii ndiyo hatua inayorukwa na karibu kila mtu, na ndiyo yenye faida kubwa kwa pesa ndogo. CD na DAC hutoa volti 2. Amplifaya nyingi za nguvu zinafika mwisho wa nguvu zake zikipewa volti 1 hivi. Katikati unaweka priamplifaya inayokuza mara tano, au kumi. Matokeo yake ni kwamba unasikiliza nobu ikiwa imeelekea namba 8 ya saa ya ukutani, yaani karibu na mwanzo wake, pale pale ambapo kushoto na kulia havilingani, na ambapo mguso mmoja wa rimoti unaamsha jirani.

Dawa ni rezista mbili kwa kila upande, kwenye ingizo la amplifaya ya nguvu. Weka ya kilo-ohm 6.8 kwenye njia ya muziki, halafu ya kilo-ohm 3.3 kutoka baada yake kwenda kwenye ardhi ya saketi (waya wa pamoja wa kurudi). Kama ukinzani wa ingizo la amplifaya ni kilo-ohm 47, umeshusha desibeli 10. Zitafute za metali, za asilimia 1, uzilehemu ndani ya jeki ya RCA (ile ya waya wa kawaida wa sauti) yenyewe kama nafasi inatosha. La sivyo zipo adapta za RCA zilizotengenezwa tayari. Nobu itapanda hadi katikati, rimoti itakuwa tulivu, na kelele ya priamplifaya nayo itashuka desibeli 10 hizo hizo. Nimewaona watu wakiuza priamplifaya nzuri wakati kilichohitajika ni rezista nne.

Hatua ya 3: Pima ulinganifu wa kushoto na kulia

Cheza toni ya Hz 100. Weka multimita kwenye volti za AC, ishike kwenye vituo vya spika ya kushoto, soma, kisha ya kulia. Tofauti ya asilimia 6 ni nusu desibeli, asilimia 12 ni desibeli 1. Fanya hivyo kwenye kiwango unachosikilizia kila siku, kisha kwenye kile cha usiku watoto wamelala. Ikifika desibeli 1 mwimbaji anaanza kuhama kutoka katikati. Potenshiomita ikionyesha desibeli 2 au 3 chini kule, rudi Hatua ya 2 kwanza. Ikiwa bado, potenshiomita inastahili kubadilishwa, iwe na mota au isiwe nayo.

Kabla ya kubadilisha jaribu dawa ya kusafishia kontakti. Zima, chomoa kwenye umeme, nyunyiza kidogo kwenye tundu la potenshiomita na uizungushe mwisho hadi mwisho mara nyingi. Usitumie mafuta ya kutu ya mlango, yanaacha utando unaovuta vumbi.

Hatua ya 4: Tafuta kelele zinazoletwa na rimoti

Hapa ndipo wenye shaka wana hoja ya kweli, nami siipuuzi. Rimoti inahitaji chipu ndogo ya kusoma amri, chipu ina saa yake inayopiga mamilioni ya mara kwa sekunde, na mara nyingi kuna kioo cha namba kinachowashwa na kuzimwa kwa kasi ili macho yasijue. Vyote hivyo viko sentimita chache kutoka kwenye muziki.

Kupima ni rahisi. Washa mtambo bila kucheza kitu, chagua ingizo lisilounganishwa na chochote, pandisha sauti hadi pale unapoipandishaga ukiwa na wageni, kisha sogeza sikio karibu na twita. Sauti ya shsss laini ni ya kawaida. Unachotafuta ni mlio wenye toni, au mtatariko unaobadilika. Muombe mwenzako abonyeze rimoti: mlio ukija na kila bonyezo, saketi ya amri inavuja. Zimeni kioo kama kuna kitufe cha kukizima: mlio ukikatika, mkosaji ni kioo. Kisha rudi kwenye kiti chako. Kisichosikika kitini hakina haja ya kukukosesha usingizi.

Wabunifu makini huilaza chipu ya amri ili saa yake isimame, na mwanga wa rimoti ukifika ndipo inaamka, inatekeleza, inalala tena. Katika vifaa vya namna hiyo rimoti haipo kabisa wakati muziki unacheza, na ndivyo mtu anavyotaka.

Hatua ya 5: Linganisha kwa haki

Mabishano mengi ya hi-fi yangekwisha kama watu wangelinganisha viwango vya sauti kabla ya kusikiliza. Kifaa kinacholia kwa sauti kubwa zaidi kwa nusu desibeli huonekana bora: kipana, chenye uhai, chenye besi. Kwa hiyo, cheza toni, weka priamplifaya ya kwanza itoe mfano volti 2.00 kwenye spika, kisha ya pili uirekebishe ikae kati ya volti 1.98 na 2.02. Hiyo ni takriban moja ya kumi ya desibeli. Kwenye potenshiomita utahitaji subira na mkono mtulivu.

Baadaye mwenzako abadilishe waya wewe usione, amplifaya ya nguvu ikiwa imezimwa kila anapobadilisha. Yeye aandike, wewe ukisie. Mara 16 zinatosha. Ukipatia 12 au zaidi, una sababu ya kuamini sikio lako, na uchague kwa sikio. Ukipatia 9, chagua yenye rimoti ukae kitini kwa amani.

Kuna hali moja ambapo tofauti husikika kweli na ina maelezo. Priamplifaya isiyokuza, yaani boksi lenye potenshiomita tu, hutegemea sana waya. Potenshiomita ya kilo-ohm 50 ikiwa katikati ya kazi yake ina impidansi (ukinzani kwa umeme wa muziki) ya hadi kilo-ohm 12.5, ukiivutia waya wa mita 5 wenye kapasitansi (uwezo wa kushika chaji) ya pikofaradi 100 kwa kila mita, unapoteza kama desibeli 2 kwenye Hz 20,000. Sauti inakuwa na ukungu kidogo juu, mtu anasema ni tamu. Tumia ya kilo-ohm 10 na waya wa mita moja, upotevu huo hautausikia wala kuupima kwa urahisi.

Hatua ya 6: Chagua njia yako

Kama chanzo chako ni DAC au kifaa cha kustrimu chenye rimoti na volyumu yake, anza hapo kabla ya kununua chochote. Weka priamplifaya kwenye kiwango chako cha juu cha kawaida, kisha shusha kwa rimoti ya DAC. Ukikaa ndani ya desibeli 20 au 30, hutaona hasara.

Mwenye kinanda cha santuri na priamplifaya ya zamani anayoipenda asiiguse. Aweke boksi la rilei lenye rimoti kati ya priamplifaya na amplifaya ya nguvu. Nobu ya zamani inabaki mahali pamoja panapolingana vizuri, boksi linafanya kazi ya kila siku. Faida nyingine ni kwamba ukiuza mtambo siku moja, unauza kifaa kisichotobolewa.

Anayenunua upya achague rilei kama mfuko unaruhusu, chipu nzuri kama haujaruhusu, na potenshiomita yenye mota kama anataka kitu ambacho fundi yeyote anaweza kukitengeneza miaka ishirini ijayo. Hili la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana; boksi la kigeni likiharibika kadi yake ya amri, hata volyumu ya mkono haifanyi kazi.

Kama unaagiza kifaa kilichotumika kutoka Japani, soma kibandiko nyuma kabla ya kuchomeka. Vingi ni vya volti 100. Kwenye umeme wetu wa volti 230 au 240 vinaungua papo hapo, na rimoti haitakuwa na cha kuongoza. Nunua transfoma ya kushusha, yenye uwezo unaozidi mahitaji ya kifaa.

Hatua ya 7: Kufunga potenshiomita yenye mota kwenye kifaa ulicho nacho

Priamplifaya ya balbu (zile valvu za kioo za kizamani) ina volti 250 na zaidi ndani, na kapasita zake hubaki na umeme baada ya kuzimwa. Hiyo mpelekee fundi aliyezoea. Haya yanayofuata ni kwa vifaa vya transista.

Chomoa kwenye umeme, subiri, toa potenshiomita ya zamani kwa kuyeyusha risasi, kisha pima ukinzani kati ya miguu yake miwili ya pembeni. Nunua mpya ya thamani ile ile, na iwe ya mkunjo wa logi, inayopandisha sauti kwa kufuata sikio linavyosikia. Ile ya mstari hupandisha sehemu kubwa ya sauti kwenye robo ya kwanza ya mzunguko. Angalia unene wa mhimili, kwa kawaida milimita 6, ili nobu yako ya zamani iingie. Kisha pima kina. Mota inaongeza sentimita kadhaa nyuma, na wengi hugundua baada ya kununua kwamba kuna transfoma mahali pale.

Kadi ya kusoma rimoti ipewe umeme wake, adapta ndogo au transfoma yake. Usiibe kutoka kwenye volti 15 za priamplifaya. Uzuri wa mota, na wa rilei pia, ni kwamba saketi ya amri haihitaji kuungana na ya muziki kwa waya wowote, hata ardhi. Ziache mbalimbali. Mwili wa chuma wa potenshiomita ndio uguse boksi la chuma la kifaa. Jicho la infraredi liwekewe rezista ya ohm 100 kwenye njia ya umeme wake na kapasita ndogo kwenda ardhini, na waya wake usipite sambamba na waya za ingizo.

Jaribu kwanza amplifaya ya nguvu ikiwa imezimwa. Bonyeza kitufe cha kupandisha. Nobu ikishuka, geuza waya mbili za mota. Iache ifike mwisho uone kama klachi inateleza bila kukwama. Baada ya hapo washa kila kitu, nobu ikiwa chini kabisa, na urudie Hatua ya 3 na ya 4.

Rimoti ikigoma, ielekeze kwenye kamera ya mbele ya simu na ubonyeze: taa ikimweka rangi ya zambarau kwenye skrini, rimoti ni nzima na tatizo liko kwenye jicho. Angalia jua la dirishani na taa za kubana umeme kwanza, kwani vyote viwili hupofusha jicho hilo. Betri zitoe kama unasafiri muda mrefu, maana zikivuja zinakula sahani za chemchemi, na kupata rimoti halisi ya kifaa cha zamani ni kazi. Ikipotea kabisa, tafuta rimoti ya kujifunza wakati bado una ya kuazima, uinakilie vitufe vitatu tu: kupandisha, kushusha na kunyamazisha.